Mtoto Aliyekwenda kwa Shangazi

Asubuhi ile gati lilikuwa limefurika watu mpaka huoni mbao za kukanyagia. Wauza magazeti wanapiga kelele, makondakta wa boti wanagombania abiria, mama mmoja anatupiana maneno na mbeba mizigo kwa sababu ya godoro. Chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, msichana mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka na kitambaa chekundu kichwani alikuwa ameinamia injini ya boti, akivuta kamba ya kuwashia. Nyuma ya sikio lake alikuwa amechomeka plagi ya injini, kama seremala anavyochomeka penseli.

Watu wa gatini walimwita Plagi, na jina lake la nyumbani wengi walikuwa wamekwisha kulisahau. Injini ikimshinda Plagi, walisema, muuzie mtu wa vyuma chakavu.

Akavuta. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma vizuri. Plagi akatabasamu peke yake. Mara ikatoa mkwaruzo wa ajabu, ikazima, na mtu aliyesimama ngazi ya juu yake akapiga yowe.

"Zima! Zima! Mungu wangu, zima!"

"Imezima yenyewe! Wewe nani unalia kama umekatwa mguu?"

"Afadhali mguu! Mguu ninao mwingine."

Plagi akainua macho. Kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, viatu vya kuingilia ofisini, kitambulisho cha redio shingoni, na kichwani hedifoni kubwa kama vikombe viwili vya chai. Mkononi ameshika kipande cha waya kinachoning'inia. Waya uliobaki ulikuwa umejiviringisha kwenye propela. Plagi akaunyofoa taratibu, na mwisho wake akakuta glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, imefungwa kwa rababendi.

"Hii nini?"

"Maikrofoni."

"Ndani ya glavu?"

"Isilowe."

"Na ulikuwa unamhoji nani huko chini, bwana? Samaki?"

Kijana akajikuna shingo. "Shangazi," akasema.

Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na Plagi naye uso ukambadilika.

Mji ule ulikuwa umejengwa kuzunguka ziwa, na ziwa lile lilikuwa na mwenyewe. Wazee walisema ni dude kubwa lenye mgongo mpana, linaishi kwenye kina kisicho na mwisho. Hawakulipatia jina la kutisha. Waliliita Shangazi, maana huja bila taarifa, na akiondoka lazima kuna kitu cha nyumbani kwako kimekwenda naye. Simu ikikuponyoka majini, kachukua Shangazi. Mlevi akichelewa kurudi kwa mkewe, alimzuia Shangazi. Watu walitania hivyo mchana kutwa. Nyumbani kwa Plagi ndiko hawakutania.

Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikuwa dereva wa boti ya abiria. Kila mtu alimwita Kitinda. Asubuhi moja ya ukungu alitoka na boti tupu kwenda kuchukua watu ng'ambo, na wala boti wala dereva hawakuonekana tena. Majirani walipokuja na pole zao, mama yake alisimama mlangoni na futi ya kushonea shingoni, akawarudisha. "Mwanangu yuko kwa wifi yangu," aliwaambia. "Mtoto akiwa kwa shangazi yake hajapotea." Tangu siku hiyo kila Jumapili alilipiga pasi shati la kazi la Kitinda, akalitundika. Neno marehemu halikutamkwa. Na alipotokea mchumba wa Plagi, mwalimu mmoja mpole, mama alisema wazi kwamba nyumbani kwake havitapigwa vigelegele mpaka mwanawe arudi. Mwalimu alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Plagi hakumlaumu. Alijua kuwa mama akingoja, naye anangoja, na kwamba huenda angezeekea pale pale, anasikiliza pasi ikipita juu ya shati lisilo na mtu.

Kwa hiyo aliuviringisha ule waya, akamtupia kijana kifuani. "Chukua vitu vyako uondoke. Na hicho kipindi chenu cha Shangazi redioni, mwambie bosi wako kuna watu kinawatonesha vidonda."

"Dada, sikujua..."

"Sasa umejua."

Kesho yake akarudi. Shati lingine jeupe, hedifoni shingoni, na mkononi glavu mpya za ngozi, za kifundi.

"Ni za nini?" Plagi akauliza.

"Za kuomba radhi. Jana niliona mikono yako ina michubuko."

"Ya kwako ndiyo haina. Inaonekana haijawahi kufanya kazi."

"Kazi inafanya masikio. Kule redioni wananiita Masikio."

"Wamekuonea huruma. Ningekuwa mimi ningekuita Bwana Glavu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha chinichini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kisha akasema kitu kilichomfanya Plagi aache kufuta mikono.

"Nimeongea na watu wengi wanaosema wamekutana na Shangazi. Unajua hakuna hata mmoja aliyemwona? Wote wamesikia. Mpiga mbizi mmoja amesikia honi ya ile feri kubwa ya zamani, ambayo ilishakatwakatwa vyuma. Bibi mmoja amesikia kikohozi cha mumewe aliyemzika. Sasa mtu akitunga uongo kuhusu dude la ziwani, si atasema ameona meno? Kwa nini wote waseme wamesikia?"

Plagi akaanza tena kufuta mikono, polepole. Alikuwa akiwaza mambo yake. Huyu mtu mwenye vyombo vyake akimtafuta Shangazi ziwa zima akamkosa, akatangaza redioni kwamba hakuna kitu, mama atasikia. Mama huiamini redio kuliko anavyomwamini binti yake.

"Boti ninayo," akasema. "Nitakupeleka. Ila tuelewane: mimi nakuja kuthibitisha kwamba hakuna kitu."

"Na mimi nakuja kusikiliza. Tutaona nani atachoka kwanza."

Hakuchoka mtu. Kila asubuhi yenye ukungu, kabla gati halijachangamka, walitoka wawili na kuzima injini katikati ya ziwa, mji ukiwa umebaki mstari wa taa nyuma yao. Masikio alishusha glavu yake majini. Mara nyingi hakikusikika kitu zaidi ya maji na mabomba ya mji yakinyonya. Basi wakaongea. Alimvisha Plagi hedifoni na kumsikilizisha mvua inavyosikika ukiwa chini ya maji. Plagi akamfundisha kuwasha injini, na siku ya kwanza kamba ilimponyoka Masikio akakaa chini kwa kishindo, shati jeupe likaloa oili mgongo mzima.

"Sasa ndiyo umekuwa mtu," Plagi akamwambia, akicheka mpaka machozi.

Jioni zikaanza simu.

"Malkia wa grisi, umelala?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Nilitaka tu kusikia sauti yako kabla sijafunga studio. Leo nimeshinda na sauti ya mheshimiwa mmoja, masikio yanahitaji kuoshwa."

"Una maneno wewe. Hayo unawaambia wangapi?"

"Wengine wakipokea simu huwa nasahau nilichotaka kusema. Wewe peke yako ndiye nikisikia pumzi yako nakumbuka kila kitu."

Plagi aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, ili mama asione anavyotabasamu. Alimpenda. Aliujua ukweli huo na ukamtia hofu, maana alikuwa akimpeleka yule mtu ziwani kila asubuhi ya ukungu kwa nia ya kumwona anashindwa.

Halafu mvua kubwa zikaja, Plagi akashikwa na homa, na Masikio akatoka peke yake na boti ya kuazima. Mchana wake akapiga simu, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Mpenzi, unaweza kusimama? Njoo studio. Njoo wewe mwenyewe, usije na mtu."

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, chenye harufu ya zulia la zamani. Masikio alimkalisha kwenye kiti chake, akapiga goti mbele yake.

"Hachukui watu," akasema. "Nadhani anachukua sauti. Anachosikia juu ya maji anakihifadhi, kisha siku moja anakitoa tena. Leo ametoa kitu. Kama hutaki, nitakifuta na hutakisikia milele."

"Weka."

Kwanza maji. Kisha kamba ikavutwa, na injini ikakohoa. Plagi akashika ukingo wa meza. Injini ile aliiunda yeye, kutokana na injini mbili zilizokufa, akampa mdogo wake. Angeitambua katikati ya soko. Kisha ikaja sauti ya Kitinda, ya utani, kama anayembembeleza msichana: "Waka basi, kipenzi, usiniaibishe. Watu wananisubiri." Injini ikakohoa tena. Kitinda akacheka. Basi.

Plagi alilia kwa kwikwi, mikono usoni, na Masikio akamshika mabega bila kusema neno. Alipotulia akasema, "Rudia."

Ikarudiwa. Safari hii alisikiliza kifundi, maana hata ukimtoa fundi machozi, masikio yake yanaendelea na kazi. Injini ile ilikuwa na kasoro aliyoshindwa kuiondoa: ilikohoa mara mbili, ikasita, ikavuta pumzi, ndipo ikakohoa ya tatu. Haikuwahi kuacha. Pale mwishoni, kabla ya kile kicheko, ilikohoa mara mbili, na ya tatu haikuwepo. Kicheko kiliingia juu yake ghafla, kama mtu aliyevukishwa ukuta.

"Hapo pamekatwa," akasema.

Masikio akaanza kuviringisha waya wa hedifoni.

"Nakuuliza wewe. Umekata hapo?"

"Nimekata. Lakini nisikilize..."

"Kitinda alihojiwa hapa hapa kwenu, mwaka wa mashindano ya boti. Alicheka hivyo hivyo. Sauti yake mnayo kabatini!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Umekwenda kuitoa, ukaunganisha na mlio wa injini, ukanitengenezea mdogo wangu. Ili iweje? Nije nilie kwenye kipindi chako?"

"Plagi, naapa..."

"Usiape! Nimekuonyesha kidonda changu, na wewe umekigeuza kuwa kipindi."

Akatoka. Masikio alimfuata mpaka barabarani bila viatu, maana studio huingiwa bila viatu, akasimama lami ikimuunguza, akiita jina lake la nyumbani ambalo wengi gatini walikwisha kulisahau. Plagi hakugeuka.

Simu zikaja, hakupokea. Zikaja jumbe, akazifuta kabla ya kusoma. Kazini alifunga nati mpaka zikakatika. Mama yake, mguu ukiwa juu ya pedeli ya cherehani, alimtazama kwa siku kadhaa, kisha akasema bila kuinua macho, "Yule wa simu za jioni kafa?"

"Mama nawe!"

"Nauliza tu. Nyumba imekuwa kimya mno."

Ukimya huo ukaendelea mpaka asubuhi moja ya ukungu mzito, boti zote zimezuiwa kutoka. Plagi alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, anasafisha vifaa vyake kwa petroli. Gati lilikuwa tupu. Na kutoka katikati ya ukungu, mahali ambapo hapakuwa na boti hata moja, akasikia kamba ya injini ikivutwa. Injini ikakohoa mara mbili, ikasita, ikavuta pumzi, ikakohoa ya tatu.

Kopo la petroli likamponyoka. Alisubiri, bila kuliokota. Ikaja tena, mbali zaidi, na baada yake, hafifu sana, "...kipenzi, usiniaibishe..." Kisha maji yakatulia.

Akatoa simu kwa vidole vinavyonuka petroli. Ililia mara moja tu, ikapokelewa.

"Plagi?"

"Ulichokata ni nini?"

Akasikia Masikio akivuta pumzi. "Alikuwa anaita watu. Injini ilipogoma kabisa, boti ikaanza kuingiza maji. Akaita. Jamani, jamani. Muda mrefu. Kile kicheko kilikuja katikati, alikuwa anajitia moyo, ndiyo maana nikakibakiza. Baadaye siku hiyo feri ilipiga honi karibu yangu, nikapoteza sauti zilizofuata."

"Kwa nini ulikata?"

"Kwa sababu hakuna aliyekuja. Sikutaka uwe unalala na hilo. Kazi yangu ndiyo hiyo, mpenzi, kuondoa kinachoumiza sikio. Nikafanya kama kazini, sikufikiri. Ungeniuliza ningekuambia."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza umeshasimama."

Plagi akafuta macho kwa mkono wa ovaroli, grisi ikampaka shavu lote. "Nilikuita mwongo."

"Uliniita zaidi ya hapo."

"Nisamehe, Masikio wangu."

"Nilishakusamehe pale barabarani. Lakini miguu bado ina malengelenge, hiyo utalipa."

Akacheka huku analia, peke yake kwenye ngazi. Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa kooni. "Lazima mama asikie. Asikie lote."

Masikio akashusha sauti. "Umefikiri? Akisikia sauti ya mwanawe, si ndiyo ataamini yuko hai? Atangoja mpaka kaburini."

"Najua. Lakini mtoto ni wake. Wewe umeshanichagulia cha kusikia mara moja, uliona tulipofika. Sitaki kumfanyia yeye hivyo."

Akamweleza mama jikoni, polepole. Mama alizima jiko.

"Si nilikwambia yupo?"

"Mama, sijasema yupo. Nimesema nimemsikia."

"Ndiyo hivyo hivyo," mama akasema, akaenda chumbani. Alfajiri ya ukungu mwingine alitoka amevaa gauni lake la zambarau la kutokea, viatu vyenye visigino vidogo, na shati la Kitinda amelikunja kwapani. Plagi alimtazama, akaelewa. Mama alikuwa amejipamba kwenda kumpokea mtu.

Masikio alimsaidia kuingia botini. "Shikilia hapa, mama."

"Wewe ndiye wa simu za jioni?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwembamba hivyo?" mama akasema, akakaa.

Katikati ya ziwa Plagi akazima injini, Masikio akashusha glavu yake majini. Ukungu ulikuwa umewafunika kila upande, mji hauonekani. Walingoja mpaka matone yakajaa kwenye nywele zao. Kisha boti ikayumba taratibu, bila upepo, na kando yao maji yakainuka. Kikatokea kitu cheusi, kipana, chenye maji yanayotiririka, kirefu kuliko feri. Hakikuwa na haraka. Plagi alishika mkono wa Masikio, wakarudi nyuma pamoja. Mama peke yake hakurudi nyuma.

"Wifi," akasema kwa heshima. "Nimekuja."

Na kutoka ndani ya kile kitu ikasikika kamba ikivutwa.

Ikaja yote. Injini na kukohoa kwake, utani wa Kitinda. Kisha, "Jamani! Kuna mtu? Jamani!" Mara nyingi, kile kicheko kikiwa katikati, mpaka sauti ikakauka. Plagi aliziba mdomo. Maji yakasikika yakiingia kwenye boti ya Kitinda, boti ikigongagonga. Kisha kimya kirefu, na baada yake sauti ya Kitinda ikarudi, imechoka, iko karibu kabisa, na haikuwa na woga tena. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeinua macho akakuta mgeni mlangoni.

"Ah! Shangazi... kumbe ni wewe. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. Ilimtoka kabla hajafikiri, kama ilivyomtoka kila asubuhi kwa miaka yote. Akainama ukingoni, shati mkononi. "Marahaba, baba. Njoo upande. Umekula?"

Kimya. Maji yakalamba ubavu wa boti. Mama akangoja jibu, uso umejaa furaha kiasi kwamba Plagi hakuweza kumtazama. Kisha kamba ikavutwa tena. Injini ikakohoa mara mbili, ikasita, ikakohoa ya tatu. "Waka basi, kipenzi, usiniaibishe. Watu wananisubiri."

"Kitinda," mama akaita. "Ni mimi."

"Jamani! Kuna mtu? Jamani!"

Maneno yale yale, pumzi zile zile. Mama akarudi nyuma polepole, akakaa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa mara ya pili, mikono imelala juu ya shati, na ilipofika shikamoo, hakuitikia. Masikio akadhani hakusikia, akamwinamia.

"Nimemsikia, mwanangu," mama akasema. "Nimeshaitikia. Mtu haitikii salamu mara mbili."

Akasimama, Plagi akamshika kiuno asianguke. Akaliweka lile shati juu ya maji, likaelea kidogo mikono imetanuka, likazama.

"Asante, wifi, hukumwacha peke yake," akasema. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ndiyo kwanza ikavunjika. "Washa injini, mama. Turudi. Nyumbani kwangu kuna msiba."

Watu walikuja wengi. Viti vikaazimwa, turubai likafungwa uani, wanawake wakajaa jikoni. Mama aliketi chini kwenye mkeka, akalia kilio alichokuwa amekifungia ndani, na majirani wale wale aliowafukuza mlangoni wakamshika mabega. Hakuna aliyemkumbusha.

Masikio alikuja asubuhi, akachukua ndoo, akaanza kuchota maji na kujaza mapipa bila kuagizwa na mtu. Alikuwa amempa Plagi kidude kidogo cha kuhifadhia sauti, kimefungwa ndani ya bahasha. "Ni yako," alimwambia. "Safari hii sijakata kitu. Redioni nimewaambia nimepata maji tu, na bosi amenipa kipindi cha kilimo." Plagi alikitia mfukoni mwa gauni lake jeusi. Hakujua kama angekisikiliza siku yoyote. Alijua tu kwamba kipo, na kwamba ni kizima.

Mchana alikuwa dirishani, anaosha sufuria, aliposikia mzee mmoja wa ukoo, aliyetoka mbali, akimsimamisha Masikio na ndoo zake.

"Kijana, nimekuona tangu asubuhi hukai. Sisi wengine hatukufahamu. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Masikio akaweka ndoo chini. Shati lake jeupe lilikuwa limeloa mpaka kiunoni.

"Mimi ni shemeji yake," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa mkono wa pole. Sufuria ikateleza mkononi mwa Plagi. Akajifuta, akatoa simu, akapiga, akamwona kule uani akijipapasa mifuko, akigeukia ukuta kwa adabu ya msibani.

"Umesemaje hapo?" akamnong'oneza.

"Wapi?"

"Usijifanye hujui. Umemwambia mzee wewe ni shemeji wa Kitinda."

"Aliniuliza, ningesemaje?"

"Kitinda alikuwa na dada mmoja tu."

"Huyo huyo."

Plagi akaegemea sinki. Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza tena kulia, na sauti ya mama yake ilisikika juu ya zote, ikimtaja mwanawe kwa neno lile lililokatazwa nyumba nzima. Machozi yalimtoka na hakuyazuia.

"Sasa si wakati wake," akasema.

"Najua. Sijaomba kitu. Nimejibu swali tu."

Alimtazama dirishani, mgongo ule mwembamba umemgeukia, simu sikioni, mguu mmoja unaikwepa ndoo isimwagike.

"Msiba ukiisha," Plagi akasema, "ukiisha kabisa, na mama akishapumzika, uje na watu wako. Mje mlangoni. Mtapokelewa."

Plagi alisikia pumzi yake tu, akamwona akifuta uso kwa mkono wa shati.

"Haya, kata simu," akamwambia. "Mapipa bado hayajajaa, shemeji wa watu."